Kitanda kwa Urefu au kwa Upana? Kupanga Ndani ya Pikapu ya Kulala Safarini

Nilichora kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, vipimo kamili: urefu mita 2.3, upana mita 1.7. Hilo ndilo boksi nililotaka fundi anijengee nyuma ya Hilux yetu ya singo kebini, yenye safu moja ya viti. Nikamwita mama na binti yangu wa miaka tisa, tukaingia ndani ya mistari na kulala kama tutakavyolala porini: kwa upana, mama upande wa mbele karibu na kebini, mtoto katikati, mimi mlangoni. Mama aliitazama dari ya baraza kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, nikishikwa na haja usiku nitamruka nani?"

Nikaifuta chaki kwa kitambaa kibichi nikaanza upya. Tulipokigeuza kitanda kikawa cha urefu, miguu ikielekea mlangoni, kila mtu akapata njia yake ya kutokea. Lakini jiko nililokuwa nimelipangia kona ya ndani likakosa mahali. Jiko likatoka nje. Lilipotoka nje likahitaji turubai la kuzuia mvua na jua, turubai likahitaji keria ya kulibeba, na keria ikala nafasi niliyoiwekea paneli ya sola. Swali moja la mama lilihamisha vitu vinne.

Tangu siku ile, kila anayeniuliza achukue betri gani au friji gani, namuuliza kwanza nani atalala humo, na ataamka mara ngapi usiku. Majibu ya maswali hayo mawili huamua mengi kuliko bei.

Ganda kwanza

Njia zinazoshindana ni tatu, na ya kwanza ni kanopi pamoja na hema la juu. Kanopi ya alumini au faiba inafunika bodi ya nyuma. Ndani yake kunakaa droo, friji na betri, na hema linafungwa juu na kukunjuliwa jioni. Naelewa kwa nini wengi wanaipenda. Siku za kazi gari linabaki gari la kazi, na hema unalishusha likakaa stoo. Ila hema hilo peke yake lina kilo 50 hadi 80 kutegemea aina, na kilo hizo zinakaa mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa, ambako kila kona na kila korongo huzihisi. Soma kitabu cha gari lako ukurasa wa mzigo wa paa gari likiwa kwenye mwendo. Namba hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi haifiki kilo 100.

Mimi kilichoniondoa huko ni ngazi. Mama anaumwa magoti. Kushuka ngazi iliyolowa umande saa tisa usiku, tochi mkononi, kwenye kambi isiyo na uzio, sikuweza kumtakia mzazi wangu. Kwa vijana wawili wenye miguu mizima, njia hii ndiyo ningewashauri bila kusita.

Njia ya pili ni boksi la kupachika: chumba kizima kinachoingizwa kwenye bodi ya pikapu, kikakazwa kwa bolti au minyororo, na kushushwa kwa jeki za pembeni safari ikiisha. Marekani ndiko mtindo huu ulikokomaa, kwa sababu pikapu zao kubwa zina bodi ya futi nane na nguvu ya kubeba ya kutosha. Boksi lao lenye choo, bafu na jiko linaweza kuvuka tani moja likiwa tupu. Pikapu zetu za kawaida zinabeba kiasi cha tani moja pamoja na watu, mafuta na maji. Kwa hiyo kwao tunachukua wazo, halafu tunalijenga upya kwa uzito wetu.

Ya tatu ni kung'oa bodi na kujenga chumba cha kudumu juu ya chesisi. Ukiwa na Land Cruiser pikapu, ile tunayoiita mkonga, na ukiwa na nia ya kukaa barabarani miezi, hii ndiyo inayokupa nafasi ya kusimama wima. Arusha wapo mafundi bodi waliozoea kukata na kurefusha magari ya watalii, mkono wao unajua chesisi inavyopinda njiani. Lakini ukishafanya hivyo gari halirudi kuwa pikapu, na kadi ya gari inataja aina ya bodi, kwa hiyo suala hilo ulimalize na TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya msumeno kuguswa.

Nilichagua boksi la kupachika, jepesi, lisilo na bafu. Mwenye dabo kebini aniangalie kwa makini hapa: bodi yake ina urefu wa mita 1.5 tu au zaidi kidogo. Mtu mzima hanyooki humo. Itabidi kitanda kipandishwe juu ya kebini, au mlango wa nyuma ulazwe chini na kuongezewa turubai, au urudi kwenye hema la juu. Picha nzuri za kitanda cha kulala nyuma ya pikapu mara nyingi zimepigwa kwenye singo kebini au kwenye gari la Kimarekani.

Kitanda

Kulala kwa upana kunaokoa nafasi. Kwenye boksi la mita 2.3 unabakiwa na karibu mita moja ya sakafu kwa jiko na kabati, kama watatu mtajibana kwenye mita 1.3. Masharti yake ni mawili: warefu wasizidi mita 1.65 hivi, na walalaji wasiwe watu wa kuamka amka. Kulala kwa urefu kunakula sakafu yote, lakini kunampa kila mtu mlango. Mnaolala wawili tu mnaweza kupata vyote: kitanda cha urefu upande mmoja chenye upana wa mita 1.1, na ujia mwembamba pembeni wenye rafu.

Halafu kuna swali la kitanda kinachokunjwa kuwa meza na viti. Kwenye mchoro kinapendeza sana. Lakini fikiria umefika kambini saa moja jioni, mvua inanyesha, mtoto amelala begani, na kabla ya kumlaza lazima utoe meza, upange mbao, utafute mito ya kuziba mwanya. Kitanda kilichotandikwa muda wote, mizigo ikiwa chini yake, ndicho kilichoshinda kwangu. Meza tunaikunjua nje.

Chini ya godoro, chagua chaga badala ya plaiwudi iliyofunikwa yote. Hili nimejifunza kwa mgongo wangu. Usiku wetu wa kwanza tulilala kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake mnaijua. Tulifunga kila kitu ili joto lisitoke. Alfajiri tone la maji lilinidondokea kwenye kope. Nilipowasha taa, dari nzima ya bati la alumini ilikuwa na matone yamejipanga kwenye kila mstari wa ribiti, kama shanga. Nikainua pembe ya godoro: ubao chini yake ulikuwa umelowa umbo la mtu.

Maji yale ni pumzi zetu. Watu wawili au watatu wakilala chumba kidogo hutoa zaidi ya nusu lita ya mvuke usiku mmoja, na mvuke ukigusa chuma baridi unakuwa maji. Dawa ni tatu na zote ni rahisi. Chaga zenye nafasi ya vidole viwili ili godoro lipumue. Tundu moja la hewa chini na jingine juu upande wa pili, yote yakiwa na wavu, yasiyofungwa hata kwenye baridi. Na kitu cha kutenga ngozi ya alumini na hewa ya ndani: povu gumu lisilonyonya maji, la sentimita 2, likabandikwa kwa gundi bila kuacha mwanya. Usiweke sponji ya magodoro ukutani. Inanyonya maji na kuoza humo humo. Tangu tufanye hivyo tumerudi Simba mara mbili na kope zangu zimebaki kavu.

Godoro lenyewe, sponji nzito ya sentimita 10 inashinda nyepesi ya sentimita 15, ambayo baada ya miezi michache inalala na mbao zinaanza kukuhesabia mbavu.

Jiko ndani au jiko nje

Jiko la ndani linakupa chai bila kuvaa viatu. Kwenye upepo wa Ziwa Natron, ambako moto wa nje unapeperuka na mchanga unaingia kwenye sufuria, nimelitamani. Lakini linaleta mvuke ule ule wa dari, harufu ya kitunguu kwenye mashuka, na hatari mbili zinazoua. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni mnapolala. Na moto wowote kwenye chumba kilichofungwa huweza kutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata likiwa limebaki makaa matatu ya kupasha joto. Ukiamua jiko la ndani, mtungi ukae kwenye kisanduku chake kilichozibwa upande wa chumba, chenye tundu sakafuni linalotokea nje ya gari, na ununue kengele ya kugundua gesi hizo.

Langu liko nje, kwenye droo ndefu inayovutwa mlango wa nyuma ukifunguliwa: majiko mawili ya gesi, mtungi wa kilo 6, ubao wa kukatia, na chini yake friji. Mama anapika akiwa amesimama wima, jambo ambalo ndani lisingewezekana. Kule juu kwenye kreta maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100, kwa hiyo maharage yanakataa kuiva kwa saa nyingi. Beba sufuria ya presha. Inachukua nafasi kubwa kwenye droo na inastahili nafasi hiyo.

Droo au masanduku ya plastiki? Droo za chuma zenye reli ni raha kuzitumia, lakini seti moja ikiwa tupu inaweza kufika kilo 60 au zaidi. Masanduku yenye vifuniko ni mepesi, unayabeba hadi jikoni nyumbani, unayapakia, unarudisha. Mimi nina droo moja tu, ya jiko. Vingine vyote viko kwenye masanduku chini ya kitanda. Chochote utakachochagua, kiwe na komeo la kweli. Sumaku na vibanio vya makabati ya nyumbani havivuki hata barabara moja ya vumbi. Tulifika Mto wa Mbu sukari, viberiti na mchele vikiwa mchanganyiko mmoja sakafuni.

Mbao, chuma, alumini

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, unene wa milimita 18, ina kilo 30 hivi. Ya milimita 12 ina kama 20, na ya milimita 9 ina kama 15. Seremala wa nyumbani atakupendekezea ya 18 kwa sababu amezoea makabati yanayokaa mahali pamoja miaka thelathini. Karatasi nane za 18 ni kilo 240. Karatasi nane za 9 ni kilo 120, nusu ya balaa hilo, na ukihesabu fremu nyepesi ya kuzishikilia utafika 150 au 160. Tofauti hiyo ni mama yangu mzima pamoja na dumu la maji.

Fremu iwe ya nini? Skwea tyubu ya chuma ya milimita 25, ukuta wa 1.5, ina uzito wa kilo 1.1 kwa mita. Ya alumini ya vipimo hivyo hivyo ni theluthi moja yake, ingawa italazimu ukuta mnene zaidi. Kwenye mizani alumini imeshinda. Barabarani naona mambo mengine. Chuma kikikatika Loliondo au Sumbawanga vijijini, utapata kijana mwenye mashine ya kuchomelea kabla jua halijazama. Alumini inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliofunzwa, na hivyo vyote viko mijini. Wazo zuri alinipa fundi niliyemwendea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam: "Dada, sakafu na miguu weka chuma, kuanzia hapo kwenda juu weka alumini, na viungo vya alumini funga ribiti na bolti, usichomelee." Ndivyo tulivyofanya. Chini pazito, juu pepesi, na kiungo chochote kikilegea nakifunga mwenyewe kwa spana.

MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, iache dukani. Ikipata unyevu inavimba na skurubu zinang'oka na unga. Na nati zote ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani, kwa maana mtetemo wa barabara ya changarawe unafungua nati ya kawaida kama vidole.

Umeme

Hapa ndipo watu wanatumia fedha nyingi bila hesabu, ilhali hesabu yenyewe inakaa kwenye kipande cha daftari. Friji la kompresa la lita 40, kwenye joto letu, linakula wati-saa 400 hadi 500 kwa siku. Feni ndogo ya usiku, 100. Taa, simu na kompyuta ndogo, nyingine 100. Jumla iwe 700.

Betri ya risasi iliyofungwa, aina ya AGM, ya amp-saa 100 ina kama wati-saa 1,200, lakini ukiitoa zaidi ya nusu mara kwa mara unaifupishia maisha. Kwa hiyo inakupa 600, na haikutoshi siku nzima. Ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, yenye amp-saa hizo hizo, ina 1,280 na unaweza kutumia sehemu kubwa yake. AGM ina karibu kilo 30, lithiamu 12 hivi. Ili zilingane unahitaji AGM mbili, kilo 60. Lithiamu pia hudumu mizunguko maelfu ya kuchaji, pale AGM inapohesabika kwa mamia. Bei yake dukani iko juu, hilo halina ubishi.

Mwenye friji anayelala nje usiku zaidi ya mbili mfululizo, aende kwenye lithiamu. Anayetoka wikendi moja kwa mwezi na kubeba barafu kwenye kasha la baridi, AGM moja inamtosha kabisa, na fedha iliyobaki inunue matairi. Lithiamu haipendi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, tatizo ambalo huku tunalikuta mara chache, lakini haipendi joto pia, na hilo tunalo. Isiwekwe chini ya boneti. Ya kwangu iko chini ya kitanda upande wa mbele, mbali na jua.

Paneli ya wati 200 kwenye jua letu itakupa kiasi cha wati-saa 700 siku yenye jua zuri, ukishaondoa upotevu. Inalingana na matumizi, lakini inahitaji paa, na paa ndilo ambalo hema la juu au keria imeshalichukua. Nimeishia paneli moja ya wati 100 iliyofungwa juu na nyingine ya kukunja ninayoitandaza chini jua linapohama. Gari nikalipaki kivulini, paneli ikabaki juani. Mwendoni, chaja ya DC inayotoka kwenye altaneta ya gari inamalizia.

Inveta kubwa, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kwa ajili ya birika la umeme usinunue. Birika la wati 2,000 kwenye volti 12 linavuta zaidi ya ampea 160, waya wake unakuwa mnene kama kidole gumba, na gesi ingechemsha maji yale yale kwa amani. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina kinachokilinda.

Maji, vumbi, rangi

Tangi la kudumu likifungwa chini mbele ya ekseli ya nyuma linatuliza gari. Madumu matatu ya lita 20 hayatulizi kitu, lakini unayapeleka bombani kwa mkono, na kwenye kambi zetu bomba mara nyingi liko mbali na gari na linatoa maji kwa matone. Nilichukua madumu. Choo cha kubebwa chenye mfuniko kinakaa miguuni mwa mama, nyuma ya pazia, na hakuna kifaa ndani ya boksi hili kinachotupa usingizi zaidi, hasa usiku ambao tembo wamekuja kunywa maji ya kambi.

Vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu gari likienda, hewa ya nyuma yake inakuwa na mgandamizo mdogo na kuvuta kila kitu. Mipira ya kuziba peke yake haitoshi. Weka tundu la hewa lenye chujio mbele juu ya boksi, lisukume hewa safi ndani, vumbi lifukuzwe kwenye nyufa. Na mapazia au turubai zisiwe za buluu wala nyeusi kama unaelekea Tarangire au magharibi ya Serengeti: mbung'o wanazifuata rangi hizo, na mitego yao hushonwa kwa rangi hizo hizo. Zetu ni za kaki.

Boksi likikamilika, kabla ya safari yoyote, jaza kila kitu: maji, mafuta, chakula, watu wote kwenye viti. Nenda kwa mnunuzi wa nafaka mwenye mizani ya magari umlipe chochote atakachotaka. Pima gari zima, halafu lisogeze mbele hadi magurudumu ya nyuma pekee yabaki juu ya mizani, upime tena. Linganisha namba hizo mbili na kikomo cha gari zima na cha ekseli ya nyuma kwenye kibati cha gari. Ya kwetu ilisoma kilo 90 chini ya kikomo cha nyuma. Mama, aliyekuwa amekaa mbele na kikapu chake mapajani, akauliza kama sasa anaweza kuongeza kinu.

Nilimwambia kidogo tu, kile cha kutwangia iliki.